Timothy Dalton, James Bond tuliyemdhulumu

Mzee wa Deki (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi niko kwa kinyozi, kijana mmoja akaanza kuwahesabu kina James Bond kwa vidole. Connery. Moore. Brosnan. Craig. Akaishia hapo. Nikamwambia umeruka wawili, akanitazama kama nimemwambia wiki ina siku tisa. Kumsahau Lazenby naelewa, alicheza picha moja mwaka 1969 akaenda zake. Lakini Dalton? Picha mbili, The Living Daylights ya 1987 na Licence to Kill ya 1989, na leo hata kwa kinyozi hahesabiki.

Nyembe ilikuwa shingoni, sikutaka kubishana. Nimekuja kumalizia huku.

Hoja yangu ni moja tu. Toka Dr. No ya 1962 mpaka No Time to Die ya 2021, Eon, kampuni inayotengeneza Bond, wametoa picha 25. Katika zote hizo, Dalton ndiye wa kwanza kumcheza Bond kama mtu anayejua kuwa leo anaweza kufa. Sisi tumekulia kwenye sheria ya banda la video: steringi hafi. Ukishajua steringi ni nani, unatafuna karanga zako kwa amani. Dalton alituvurugia karanga.

Tuanze na alivyoingia, maana dhuluma ilianzia mlangoni. Jamaa ni mzaliwa wa Colwyn Bay, Wales, mtu wa jukwaani, mtu wa Shakespeare. Kwenye The Lion in Winter ya 1968, picha yake ya kwanza, alicheza mfalme kijana wa Ufaransa mbele ya Peter O'Toole na Katharine Hepburn, na hakumezwa. Miaka hiyo hiyo Connery alipoondoka, watayarishaji walimgusia nafasi ya Bond. Akaona umri wake bado haujaweza kubeba mzigo ule, akakataa. Moore akaja, akacheza saba. Ya mwisho, A View to a Kill ya 1985, alikuwa na miaka 57: anapanda Mnara wa Eiffel akimfukuza Grace Jones, na wanaohema ni sisi watazamaji.

Mwaka 1986 nafasi ilikuwa ya Pierce Brosnan, mambo yote tayari. Sasa kuna mchezo wake wa televisheni, Remington Steele, ambao NBC walikuwa wameshaufuta. Waliposikia jina lake linatajwa kila kona kwa ajili ya Bond, wakaufufua. Mzee Albert Broccoli, mtayarishaji wa Bond, akasema hataki Bond wa kugawana na televisheni. Ndipo Dalton akaitwa. Yaani aliingia kama bibi harusi aliyeletwa baada ya posa ya kwanza kuvunjika, ukumbi mzima unamtazama huku unamfikiria yule mwingine.

Haya, picha lianze, The Living Daylights. Bratislava, usiku. Bond yuko dirishani gizani, ng'ambo ya ukumbi wa muziki. Jenerali wa Kirusi anaitwa Koskov, anataka kutoroka wakati wa mapumziko ya onyesho. Kazi ya Bond ni kummaliza mdunguaji yeyote atakayetokea. Pembeni yake yuko Saunders, ofisa wa huko, mtu wa mafaili na taratibu. Mdunguaji anatokea kweli, na ni mwanamke. Ni yule yule aliyekuwa anapiga selo jukwaani muda mfupi uliopita. Hapo msiangalie bunduki, mwangalieni Dalton usoni. Anasita. Anasogeza mtutu kidogo sana. Anapiga silaha badala ya kifua.

Saunders anakuja juu: umevunja amri, M, bosi wetu, atapata ripoti. Dalton hapandishi hata sauti. Anamjibu kama mtu aliyekwishapiga hesabu zake zamani, kwamba andika upendavyo, M akinifukuza nitamshukuru.

Mnalisikia hilo? Bond anayetamani kufukuzwa kazi! Na hawakulizua wao. Ian Fleming ana hadithi fupi yenye jina hilo hilo, ambamo Bond anakaa siku tatu kwenye chumba kimoja Berlin akimvizia mdunguaji mpiga selo, na mwisho anaombea wamvue ile namba yake ya sifuri mbili. Dalton alipopewa kazi alirudi kwenye vitabu vya Fleming akavisoma. Ndiyo maana alionekana mgeni: sisi tulikuwa tunamjua Bond wa mabango, yeye akatuletea yule wa vitabuni.

Nakuja na ya pili. Wapingaji karibuni, ila matusi hapana.

Mla Karanga

Mkuu nimeingia na karanga zangu kabisa, usinivurugie na mimi.

Ukweli usemwe lakini: huyo jamaa amenuna. Mwanzo mpaka mwisho amenuna. Mimi Bond naangalia nikitoka kazini nimechoka, nataka gari linaloingia baharini linageuka nyambizi, nataka mtu anauawa halafu steringi anatengeneza tai. Ya kununa ninayo nyumbani.

Pwani Raha

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi wa Mombasa, na huku kwetu mjadala huu ulifungwa zamani. Bond ni Roger Moore, wengine wote wageni waalikwa. Nyusi moja ikipanda tu ukumbi mzima washacheka.

Na hiyo habari ya kuwa Dalton ndiye wa kwanza kuwa mkali si kweli, yakhe. For Your Eyes Only, mwaka 1981, yule muuaji gari limening'inia ukingoni mwa jabali. Moore akalipiga teke likaporomoka naye. Hakucheka siku hiyo. Kwa hiyo hata ukali alikuwa nao, ila alijua wakati wake.

Mzee wa Deki

Pwani Raha, wa aleikum salaam. Hiyo umenipiga barabara, na teke lile nalipenda. Ila kumbuka Moore mwenyewe alisema hadharani kwamba hakulifurahia, aliona si la Bond wake. Alikuwa anaingia kwenye ukali kama mtu anayeingia nyumba ya jirani, anabisha hodi kwanza. Dalton ndiko alikokuwa anaishi.

Mla Karanga, kuhusu kununa nakubali nusu. Utani haukumkaa. Wakimpa mzaha, anautamka kama karani anayesoma tangazo la mnada. Mswada wa The Living Daylights ulianza kuandikwa kabla hawajajua nani atacheza, kwa hiyo umo ucheshi wa Moore uliosahaulika ndani kama shati la mpangaji aliyehama. Lile la kuvuka mpaka wa Austria wamekaa ndani ya kasha la selo wakiteleza kwenye theluji, mimi hucheka, ila namcheka yeye anavyojikaza.

Sasa chukua tukio la Vienna, pale Prater, kwenye mgahawa chini ya lile gurudumu kubwa. Saunders yule yule wa mafaili amekuja na taarifa alizozitafuta kwa jasho, na kwa mara ya kwanza wawili hawa wanaheshimiana. Bond anamshukuru, kwa dhati. Saunders anaondoka, anapita kwenye mlango wa kioo unaojiendesha. Nje kuna muuza maputo, ambaye ni Necros, muuaji. Mlango unajifunga kwa nguvu na Saunders yuko katikati.

Bond anafika, amechelewa. Puto linaingia taratibu sakafuni, limeandikwa kwa Kirusi kifo kwa majasusi. Analishika. Analitazama. Analiminya mpaka linapasuka mkononi.

Halafu anakimbia nje, bastola mkononi, anaruka uzio, ameona maputo upande wa pili. Anaelekeza mtutu. Ni mtoto mdogo na mama yake.

Ile sura wakuu. Muda mfupi sana, lakini unaona mtu aliyekaribia kufanya jambo ambalo asingeweza kulifuta maisha yake yote. Anarudi kwa yule binti wa selo, Kara, ambaye hajui lolote. Kara anamuuliza kama amepata habari za mpenzi wake Koskov. Bond anamjibu kwamba ndiyo, ujumbe ameupata. Sauti imeganda. Hapo ndipo nilipoamini.

Binti wa Jukwaani

Shikamooni wakubwa. Mimi nafundisha sanaa za maonyesho, naomba niongee kidogo upande wa ufundi, maana naona mnasema kanuna, kanuna.

Dalton anaigiza kwa macho na pumzi. Jukwaani hiyo ni mali. Tatizo ni kwamba kwenye kamera inategemea nani anakutazama. Mwongozaji wa picha zake zote mbili ni John Glen, aliyeongoza Bond tano mfululizo kuanzia 1981. Glen alitokea kwenye uhariri na kusimamia matukio ya hatari, na huko hana mpinzani. Wavu wa mizigo unaoning'inia nyuma ya ndege ikiwa angani, watu wawili wanapigana juu yake: ni kazi ya warukaji wa kweli, B.J. Worth na Jake Lombard, na mpaka leo tumbo linanikaza. Lakini Glen anampenda mtu anayeruka kuliko mtu anayefikiri. Mara nyingi Dalton anaanza kitu usoni na picha inakatwa kabla hajakimaliza.

Angalieni hata mara ya kwanza tunapomwona. Gibraltar, mazoezi ya maajenti, mmoja anauawa kwenye kamba, tunasikia mlio wake akianguka. Bond anageuka. Ndiyo sura yake ya kwanza kabisa mbele ya dunia: mtu aliyesikia mwenzake akifa. Hakuna tai, hakuna kutaja jina. Kisha yuko juu ya paa la Land Rover inayoteremka inawaka moto, na sehemu kubwa unaona ni yeye mwenyewe aliyeng'ang'ania pale. Huo ni utambulisho mzuri kuliko wote kwenye mfululizo ule, na nitaulinda mbele ya yeyote.

Ila Mzee wa Deki umesema ni wa kwanza kujua anaweza kufa. Hapo naomba nikukatalie. Lazenby! On Her Majesty's Secret Service, pale kijijini Uswisi usiku, anawindwa, amechoka, amejikunyata pembeni ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu na amejifunika kola. Anaogopa waziwazi. Kisha viatu vya mtu vinasimama mbele yake, anainua uso, ni Tracy, atakayekuja kuwa mkewe.

Mzee wa Deki

Marahaba mwanangu. Daah. Umenishika pabaya.

Nakubali tukio lile. Lazenby aliogopa usiku mmoja. Basi narekebisha: Dalton ndiye wa kwanza kuibeba hofu hiyo picha nzima, na akarudi nayo ya pili. Mods naomba msinibadilishie kichwa cha uzi.

Kijana wa 95

Wazee wangu mnazunguka sana. Namba hazina shikamoo. Licence to Kill ilifeli, watu hawakwenda, Bond akapotea miaka sita. Akaja Brosnan na GoldenEye 1995, zaidi ya dola milioni 350. Mngekuwa na hoja, watu wangelipa kiingilio.

Mzee wa Deki

Kijana, namba unazitaka, haya chukua. A View to a Kill, Moore wa mwisho, duniani iliingiza kama dola milioni 152. The Living Daylights, Dalton wa kwanza, kama milioni 191. Hiyo inayoitwa imefeli, Licence to Kill, kama milioni 156. Yaani Dalton kwenye siku yake mbaya yuko juu kidogo ya Moore anayeaga. Kwa nini mmoja anaitwa gwiji na mwingine mkosi?

Palipoumia ni Marekani, hapo sikatai, kama milioni 34 tu. Lakini kumbuka kiangazi kile cha 1989 kulikuwa na nani sokoni: Batman, Indiana Jones na baba yake, Lethal Weapon 2, Ghostbusters II. Umefungua genge la nyanya katikati ya Kariakoo siku ya mnada. Jina lenyewe lilibadilishwa njiani. Ilikuwa iitwe Licence Revoked, wakaogopa Wamarekani wangedhani ni habari ya mtu kunyang'anywa leseni ya udereva.

Halafu Uingereza ikawa Bond ya kwanza kupewa alama ya miaka 15. Watoto wote waliozoea kwenda na baba zao wakabaki nje. Uwatoe hao kwenye hesabu halafu unilaumu mimi.

Na hiyo miaka sita ya kupotea haikuwa ya Dalton. Kampuni ya MGM/UA ilikuwa inauzwa, wenye Bond wakaenda mahakamani juu ya haki za picha zao kuuzwa kwa televisheni kwa bei ya kutupa. Kesi ikala miaka. Mkataba wa jamaa ukaisha amekaa anasubiri. Aprili 1994 akatangaza anaondoka. Mnajua kuwa mswada wa kwanza wa GoldenEye ulianza kuandikwa yeye akiwa ndiye anayefikiriwa?

Kijana wa 95

Hilo la GoldenEye sikujua. Ila bado naona Licence to Kill ni picha ya wauza unga tu ya miaka ya themanini. Toa jina la Bond uweke polisi yeyote wa Miami, hakuna kitakachobadilika.

Kapteni wa Banda

Nimekuwa nasoma kimyakimya, hapa naomba nafasi.

Mwaka fulani wa tisini nilikuwa nakatisha tiketi kwenye banda la video la mjomba wangu, Morogoro. Mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki moja, na dijei wa kutafsiri. Kwa wadogo wasiojua: dijei alikuwa anakaa na kipaza sauti pembeni, anapunguza sauti ya mkanda, anaongea yeye. Wahusika wote ni yeye. Picha za Moore alikuwa anazipatia sana, anampa Bond sauti ya mtu anayetongoza hata akiwa anauliza saa.

Siku ile mjomba kaleta Licence to Kill. Dijei akaanza na sauti ile ile. Harusi ya Felix, mshirika wa Bond wa Marekani; Bond na Felix wanashuka na miavuli mpaka mlangoni kwa kanisa, watu wanashangilia. Bi harusi, Della, anamrushia Bond kile kitambaa cha mguuni, kimila chao kwamba wewe ndiye utafuata kuoa. Bond uso unabadilika, anaondoka. Felix anamweleza mkewe kwamba huyu aliwahi kuoa, zamani. Dijei hapo akapapasa maneno, maana sauti ya kutongoza haikuingia.

Kisha Bond anarudi nyumbani kwa maharusi. Milango wazi, kimya. Della kitandani bado na gauni lake la harusi, amekufa. Felix ametupwa sebuleni, wamemtupia papa akamtafuna, wamemwachia kikaratasi cha kejeli kifuani.

Dijei akanyamaza. Banda zima likanyamaza. Nilikuwa mlangoni na mabaki ya tiketi mkononi, nikamwona amekishusha kipaza sauti magotini anatazama kama sisi. Baadaye sana akasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, "Jamani, huyo ni rafiki yake."

Tangu siku hiyo hakumchezea Bond yule utani. Kwa hiyo Kijana wa 95, unavyosema uweke polisi yeyote, mimi nilikuwepo. Usingeweza.

Pwani Raha

Kapteni, wallahi hiyo imenigusa. Moore bado nampenda lakini nimekaa chini.

Mzee wa Deki

Kapteni umemaliza kazi, mimi naokota makombo tu.

Nimjibu Kijana hata hivyo. Tofauti ya Bond na polisi wa Miami ni kwamba Bond ana mwajiri, na picha inambana hapo hapo. M anamwita Key West, kwenye nyumba ya Hemingway. Anamwambia hii si kazi yako, nenda Istanbul ulikotumwa. Bond anakataa, M anamvua leseni na kudai bastola. Bond anapigana na walinzi, anaruka toka roshanini. Mlinzi anataka kumpiga risasi, M anamzuia kwa sababu watu ni wengi. Hapo steringi anawindwa na watu wake.

Na kitu ambacho watu hawakitaji: anakosea. Akiwa Isthmus, nchi ya kubuni, anajaribu kumdungua Sanchez, bwana wa unga aliyemtupia Felix papa, ofisini kwake, kumbe kuna maofisa wa Hong Kong waliojipenyeza wakimchunguza huyo huyo Sanchez. Operesheni yao inavurugika, wanakufa. Kumbe pia Pam Bouvier, rubani anayemsaidia Bond, alikuwa na mpango wake wa kurudisha makombora yaliyoibwa. Nao anauharibu. Hasira yake inaua watu wema. Pam anamwambia usoni, na Dalton anaisikiliza ile lawama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Haombi radhi. Anameza. Moore hakuwahi kuandikiwa kitu kama hicho, na Brosnan alipoanza kuonyesha dalili zake picha zilishajaa magari yasiyoonekana.

Binti wa Jukwaani

Na Q, yule mzee wa vifaa! Tusimsahau Desmond Llewelyn aliyemcheza. Kwenye picha nyingine anaingia, anagawa vifaa, anagombeza, anatoka. Hapa kachukua likizo yake kumfuata Bond, anajifanya mjomba. Bond anamfukuza arudi nyumbani. Q anamkumbusha kwamba bila idara yake Bond angekuwa ameshakufa siku nyingi.

Kuna sehemu Q amejivika kama mkulima wa huko, anafagia barabarani, ufagio wenyewe una redio ndani. Akimaliza kuongea anautupa pembeni. Mtu aliyetumia miaka yote akimlalamikia Bond kwa kutorudisha vifaa! Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu. Na inafaa kwa sababu Dalton anamtazama mzee yule kwa upendo. Wanaosema hana joto wakamwangalie hapo.

Kijana wa 95

Sawa, swali la mwisho. Kama alikuwa mzuri hivyo, mbona Craig alipofanya hayo hayo mwaka 2006 dunia nzima ilimpigia makofi?

Mzee wa Deki

Umeuliza na umejijibu. Craig, Casino Royale, ngazini anapigana, anakwenda bafuni, anajitazama kwenye kioo na shati lina damu. Kila gazeti likasema hatimaye Bond anavuja damu. Hatimaye? Mwenzake alikuwa amevuja tangu 1989.

Tofauti ni kwamba Craig alijengewa nyumba mpya: hadithi imeanza upya, mwongozaji mwingine. Dalton alipewa nyumba ya Moore na vyombo vyake ndani, akaambiwa hamia. Na kila alipojaribu kusogeza kiti, jirani wanachungulia dirishani wakiuliza mzee wa zamani yuko wapi.

Lile Aston Martin V8 lililojaa makombora na kulipuliwa kwenye theluji, Craig mwenyewe anatembelea la aina hiyo hiyo kwenye No Time to Die. Walioitengeneza hawakusahau. Tuliosahau ni sisi, na kinyozi.

Hasara naikubali wazi: The Living Daylights njama yake imejifunga mafundo. Koskov anadanganya, Pushkin anasingiziwa, almasi, kasumba, silaha, Afghanistan. Na yule Whitaker na wanasesere wake wa kivita ni adui wa kuchezea watoto. Sanchez ndiye adui. Robert Davi alimcheza kama mfanyabiashara anayethamini uaminifu kuliko fedha, na Bond anamuua taratibu kwa kumtilia shaka juu ya watu wake mmoja mmoja. Ukitaka kuona Dalton anafurahia kitu, mtazame anavyopanda fitina mezani kwa Sanchez. Anatabasamu. Inatisha.

Mla Karanga

Wakuu nimerudi. Mlinitia aibu, jana usiku nikaitafuta Licence to Kill nikaiweka. Mama watoto akasema dakika kumi tu, kesho kazini. Tukaimaliza saa saba.

Malori ya mafuta yale mlimani! Lori linakwenda kwa magurudumu ya upande mmoja, kombora linapita chini. Hapo nilisimama. Sasa mwisho, Sanchez ameloa petroli, ameinua panga. Bond chini, hana silaha, nguo zimechanika, uso wote damu na mavumbi. Nikasema steringi hafi, steringi hafi, lakini wakuu sikuwa na uhakika. Akamuuliza hutaki kujua kwa nini? Akatoa kiberiti cha gesi, kile walichompa Felix na Della siku ya harusi.

Baada ya moto anakaa tu kando ya jabali. Hasemi neno. Hatengenezi tai, hana hata tai. Mama watoto akaniambia, "Huyu wa leo amechoka kweli, si wa kuigiza."

Karanga zilikuwa mezani bado.

Ila nina swali, yule kijana mwenye kisu, wa kutabasamu vibaya, mbona kama namjua?

Binti wa Jukwaani

Benicio del Toro. Alikuwa na miaka 21 walipokuwa wanapiga.

Mla Karanga

Haya. Leo naweka ya maputo.